Kosa Linarudi kwa Nani? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Usimamizi Jumla wa Ubora

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, nao wote wameuliza, kila mmoja kwa namna yake, kama usimamizi jumla wa ubora unaifaa kazi yake au ni mambo ya viwanda vya magari tu. Ninamaanisha ule mfumo unaomtaka kila mtu katika shirika, tangu mkurugenzi hadi mfagizi, ashiriki kuiboresha kazi siku zote, kwa kumtazama mteja na kwa kutegemea takwimu badala ya hisia. Barua nimezifupisha, na nimezipanga ili jibu moja lisaidie kulielewa linalofuata.

Mimi ni msimamizi wa ubora katika kiwanda cha vipuri vya plastiki. Tuna wakaguzi kumi na mmoja mwisho wa mstari wa uzalishaji, nao hukataa vipande vingi kila zamu. Uongozi unataka tuanzishe usimamizi jumla wa ubora, lakini wakongwe wa kiwanda wanasema ni fasheni iliyokwisha pita. Je, upo ushahidi kwamba unafanya kazi?

Ndugu msimamizi, upo, na mahali ulipokusanywa kwa muda mrefu zaidi ni viwandani kama hapo kwako. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mhandisi wa Marekani aliyekuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu, alichora chati ya kwanza ya udhibiti. Chati hiyo ina mstari wa wastani na mipaka miwili, wa juu na wa chini, na kazi yake ni kutenganisha kuyumbayumba kwa kawaida kwa mashine na tukio lisilo la kawaida linalostahili kutafutiwa sababu. Mwaka 1950 W. Edwards Deming aliipeleka elimu hiyo Japani kwa mwaliko wa muungano wa wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata ikaanzishwa tuzo yenye jina lake, na mwaka 1954 Joseph Juran akafuata, akiwaeleza mameneja wakuu kwamba ubora ni kazi yao wao wenyewe kabla haujawa kazi ya wakaguzi.

Walichokifundisha wote watatu kinaigusa moja kwa moja meza ya wakaguzi wako kumi na mmoja. Kipande kinapokataliwa mwisho wa mstari, plastiki imekwisha yeyushwa, umeme umekwisha tumika, na aliyekuwa kwenye mashine huenda amekwisha rudi nyumbani bila kujua kwamba kulikuwa na tatizo. Ukaguzi wa namna hiyo humkinga mteja, na hilo ni jambo jema, lakini haumfundishi mtu yeyote kitu.

Nitakueleza nilikojifunza hili. Nilipokuwa kijana nilikuwa mkaguzi katika kiwanda kilichojaza dawa ya kikohozi kwenye chupa. Kila siku tulikuta chupa zinazonata kwa sababu vifuniko vyake vilivuja, na kwa miezi kadhaa taarifa zetu ziliandika maneno yaleyale, uzembe wa zamu ya usiku, hata watu wa zamu hiyo wakakatwa posho. Kisha akaja msimamizi mpya, akatuamuru tuache kuandika taarifa za ofisini na badala yake tubandike karatasi ya grafu kwenye mashine yenyewe, tukiweka nukta moja kila nusu saa. Baada ya wiki mbili nukta zilionyesha jambo ambalo hakuna taarifa iliyowahi kulisema: uvujaji ulipanda katika saa ya kwanza baada ya mstari kuoshwa, na ulipanda mchana sawasawa na usiku, isipokuwa usiku ulichelewa zaidi kushuka.

Tulimwuliza mama aliyekuwa akiiendesha mashine ile. Alitupeleka kwenye kichwa cha kufungia vifuniko, akakishika, akakitikisa kidogo, nacho kikacheza. Alisema kwamba kila baada ya kuoshwa kinahitaji kukazwa robo mzunguko, lakini spana yake inafungiwa stoo, kuichukua kunahitaji sahihi mbili, na usiku mmoja wa watia sahihi hayupo. Kwa hiyo yeye na wenzake walikuwa wakikikaza kwa mkono wakitumia kitambaa. Siku hiyohiyo spana ilitundikwa kwenye mashine kwa mnyororo. Uvujaji wa saa ya kwanza ulikwisha, na posho zilizokatwa, kwa aibu yetu, hazikurudishwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wakaguzi hatukuwa tumekilalia kitanda kile hata usiku mmoja.

Deming alikadiria kwamba asilimia 94 ya matatizo ya kazi hutokana na mfumo, ambao wenye mamlaka ya kuubadili ni viongozi, na sehemu ndogo tu iliyobaki ndiyo ya sababu za pekee. Mtu anaweza kubishana na tarakimu hiyo, lakini mwelekeo wake uliwahi kupata jaribio kubwa. General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari huko Fremont, California, kilichojulikana kwa utoro, migogoro na magari mabovu, nacho kilifungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota chini ya jina la NUMMI, kikiwaajiri tena wengi wa wafanyakazi walewale na kikitambua chama kilekile cha wafanyakazi. Utaratibu ndio uliobadilika: kila mfanyakazi alipewa kamba ya kuvuta anapoona kasoro, kiongozi wa kikundi akaja mbio kumsaidia, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati mstari ukasimama. Katika muda mfupi ubora wa magari yake ulikaribia ule wa viwanda vya Toyota vya Japani, na utoro ukashuka sana.

Ukihitaji ushahidi mpana zaidi ya kiwanda kimoja, watafiti Kevin Hendricks na Vinod Singhal walifuatilia mamia ya kampuni zilizopata tuzo za ubora, wakazilinganisha na kampuni nyingine za tasnia na ukubwa unaofanana. Faida ya uendeshaji ya kampuni zenye tuzo ilikua zaidi, lakini ukuaji huo ulionekana katika miaka iliyofuata baada ya mfumo kukomaa, si wakati ulipokuwa ukianzishwa. Waeleze viongozi wako hilo mapema, kwa kuwa mfumo unaweza kuuawa mapema, gharama zinapokuwa zimeonekana na matunda bado.

Kutokana na hayo nimejiwekea kipimo kimoja ninachokwenda nacho katika kila tasnia: kosa likitokea, linarudi kwa nani, baada ya muda gani, na huyo linayemrudia ana mamlaka ya kufanya nini? Kiwandani linaweza kurudi baada ya dakika chache kwa mtu aliyesimama pale pale, na ndiyo maana mfumo huu ulishika viwandani kwanza. Katika barua zinazofuata mtaona safari hiyo ya kosa ikirefuka.

Mimi ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Tumeletewa mafunzo ya ubora yaliyojaa mifano ya viwanda. Mgonjwa si chupa, na hakuna wagonjwa wawili wanaofanana. Je, mambo haya yanatuhusu kweli?

Dada muuguzi, ninakubaliana nawe kuhusu mifano, lakini jibu ni ndiyo, yanawahusu, na pengine yanawahusu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu kwenu kosa linamrudia mgonjwa kabla halijamrudia aliyelifanya. Ni kweli wagonjwa hawafanani. Hata hivyo baadhi ya vitendo mnavyowafanyia vinafanana kabisa, na humo ndimo madhara mengi yanayozuilika yalimojificha.

Chukua mrija unaoingizwa katika mshipa mkubwa wa damu. Kwa miaka mingi maambukizi yake yalihesabiwa kuwa sehemu ya kawaida ya kuwauguza watu mahututi. Mwaka 2003 vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 100 katika jimbo la Michigan, Marekani, viliingia katika mradi ulioongozwa na daktari Peter Pronovost. Mradi huo ulidai mambo matano tu: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa kwa shuka safi la upasuaji huku mhudumu akiwa amevaa kofia, barakoa, joho na glavu, kusafisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena inapowezekana, na kuutoa mrija mara tu usipohitajika tena. Kiwango cha kati cha maambukizi kilikuwa 2.7 kwa kila siku 1,000 za kukaa na mrija. Baada ya miezi mitatu kilifika sifuri, yaani angalau nusu ya vyumba havikuwa na maambukizi hayo, na mafanikio hayo yaliendelea katika miezi 18 iliyofuatiliwa.

Hakuna hata jambo moja kati ya hayo matano ambalo madaktari hawakulijua. Tofauti ilitokana na mpangilio uliolizunguka. Vifaa vyote viliwekwa katika toroli moja ili mtu asilazimike kuzunguka wodi akitafuta glavu huku mgonjwa akisubiri. Ile ilikuwa spana yao iliyotolewa stoo. Wauguzi walipewa mamlaka, yakiungwa mkono na uongozi wa hospitali, ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua iwapo hakuna dharura. Tena idadi ya maambukizi ilirudishwa kwa timu yenyewe kila mwezi, wakaiona kazi ya mikono yao.

Sasa linganisha na hili. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya jaribio la orodha ya kuhakiki upasuaji ya Shirika la Afya Duniani katika hospitali nane za miji minane, tangu London na Toronto hadi Manila na Ifakara. Vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, lilizitaka hospitali zake zitangaze hadharani jinsi zinavyoitumia orodha hiyo, nazo karibu zote zikatangaza kwamba zinaitumia takriban kila mara. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2014, uliohusisha hospitali 101, haukuona upungufu wa maana wa vifo wala wa matatizo ya baada ya upasuaji. Karatasi ilikuwa ya aina moja. Wataalamu wamejadiliana sana kuhusu tofauti hiyo, na kwa maoni yangu kubwa ni kwamba orodha inayokuja kama amri hujazwa kama amri: alama ya vema inawekwa na mtu asiyeinua macho.

Kwa hiyo, dada, usiwaulize waliokuletea mafunzo kama wana mifano ya hospitali. Waulize kama utakuwa na ruhusa ya kusema "subiri kwanza" mbele ya daktari bingwa, na ni nani atakayesimama nawe siku utakapoisema.

Kampuni yetu ya usafirishaji ina cheti cha kimataifa cha ubora kwa mwaka wa sita. Mafaili yetu yamenyooka, wakaguzi wa nje hutusifu, lakini malalamiko ya wateja yanaongezeka. Tumekosea wapi?

Mheshimiwa mkurugenzi, huenda hamjakosea katika cheti. Mmekosea katika kukidhania kuwa ni kitu kingine. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, kinathibitisha kwamba shirika lina taratibu, linazifuata, na lina njia ya kusahihisha linapokosea. Huo ni msingi mzuri. Lakini hakikuahidi kwamba taratibu zenyewe ni zile anazozihitaji mteja wako leo, na kampuni inaweza kuchelewesha mizigo kwa utaratibu ulioandikwa vizuri sana, kila siku, bila kuvunja hata kifungu kimoja.

Wala tuzo haimkingi mtu. Kampuni ya umeme ya Florida Power & Light ilifanya kazi kubwa hadi mwaka 1989 ikawa ya kwanza nje ya Japani kupata Tuzo ya Deming. Muda mfupi baadaye mkurugenzi wake mpya alizungumza na wafanyakazi, akasikia kwamba ripoti, michoro na maandalizi ya kukaguliwa yamewaelemea hadi yanaizuia kazi yenyewe; akaipunguza sana idara ya ubora na kubaki na yale yaliyowasaidia watu. Kampuni ya Wallace ya Houston, iliyouza mabomba na vali, ilipata Tuzo ya Baldrige, tuzo ya kitaifa ya ubora ya Marekani, mwaka 1990, na mwaka 1992 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Toyota yenyewe, iliyoufundisha ulimwengu, iliyaita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa mwaka 2009 na 2010, na rais wake Akio Toyoda alikiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba kasi ya ukuaji huenda iliwashinda katika kuwaandaa watu.

Ninayasema haya bila furaha, kwa kuwa ninaupenda mfumo huu na ninajua ulivyoziokoa kazi za watu. Lakini tuzo na cheti hupima siku ya ukaguzi, na kosa lina njia zake siku nyingine. Kwenu ningeanza kwa kuifuata barua moja ya malalamiko tangu ilipoandikwa. Iliingia kwa nani? Ilikaa mezani siku ngapi? Je, dereva au mpakiaji aliyeushika mzigo ule aliwahi kuisoma, au iliishia katika faili la idara ya ubora ikiwa na muhuri wa "imefungwa"? Ninashuku kwamba mtagundua malalamiko yanamrudia mtu wa kalamu badala ya mtu wa mzigo, na kwamba wakaguzi wa nje waliwasifu kwa wepesi wa kuyafunga.

Ninafanya kazi mapokezi hotelini. Mgeni akichukia haandiki popote, anaondoka tu. Tutapimaje?

Umeligusa tatizo kuu la huduma zote, za hoteli, benki na simu: huduma inazalishwa na kutumiwa kwa wakati mmoja, hakuna meza ya ukaguzi katikati, na shahidi pekee anaondoka na begi lake. Ritz-Carlton, iliyopata Tuzo ya Baldrige mwaka 1992 na tena mwaka 1999, ilijibu kwa njia mbili. Kwanza, kila mfanyakazi alitakiwa kuandika kasoro anayoiona, hata kama si ya idara yake na hata kama mgeni hakusema neno. Pili, kila mfanyakazi aliruhusiwa kutumia hadi dola 2,000 kutatua tatizo la mgeni bila kumwomba meneja kibali. Watu huistaajabia ile ya pili, lakini ya kwanza ndiyo inayolifanya kosa lisipotee, nayo haigharimu zaidi ya daftari na uongozi usiomwadhibu anayeandika.

Mimi ni mwalimu mkuu. Bodi ya shule inataka tuwaite wanafunzi wateja na tupime ubora kwa alama za mitihani. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja.

Mwalimu, moyo wako hauko peke yake. Neno mteja linapofika darasani linachechemea, kwa sababu mteja hununua anachokitaka, ilhali mwanafunzi mara nyingi anahitaji asichokitaka bado, na isitoshe yeye mwenyewe ndiye anayeifanya sehemu kubwa ya kazi ya kujifunza. Hata Deming, ambaye bodi yako huenda inamnukuu, alipinga kwa nguvu kuwapanga watu kwa alama na kuwashindanisha, akiwamo mwanafunzi, kwa hoja kwamba hofu huharibu furaha ya kujifunza na huwafundisha watu kuficha makosa.

Upande wa kipimo changu, elimu ina safari ndefu kuliko zote. Kosa la mwalimu wa darasa la pili katika kufundisha kusoma linaweza kumrudia mtu baada ya miaka minane, na mtu huyo si mwalimu wa darasa la pili. Ni mwalimu wa sekondari anayeshangaa kwa nini kijana hawezi kulielewa swali la fizikia. Mtihani wa mwisho wa mwaka hauisaidii hali hiyo. Huo ni mkaguzi wa mwisho wa mstari, yule yule wa kiwanda cha plastiki, na anafika mtoto akiwa amekwisha pita.

Hata hivyo usiukatae mfumo wote. Tuzo ya Baldrige ilifunguliwa kwa sekta za elimu na afya mwaka 1999, na mwaka 2001 mmoja wa washindi wa kwanza wa elimu alikuwa wilaya ya shule ya Chugach huko Alaska, yenye wanafunzi 214 tu waliotawanyika katika eneo la maili za mraba 22,000, baadhi yao katika vijiji visivyofikika isipokuwa kwa ndege au mashua. Waliacha kumpandisha mtoto darasa kwa sababu mwaka umekwisha. Mtoto aliendelea mbele alipoonyesha kwamba amemudu, kwa mwendo wake, na mwalimu alijua kila wakati amekwama wapi. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba wameifupisha njia ya kosa, kutoka mwaka mzima hadi siku chache, na wamelirudisha kwa mwalimu na mtoto pamoja wakati bado kuna la kufanya.

Hoja ya kuipelekea bodi ni hiyo. Usiseme kwamba ubora haupimiki shuleni. Sema kwamba mnataka kupima mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuliko wanavyopendekeza wao, kwa maswali matatu ya dakika kumi mwishoni mwa wiki ambayo hayaingii katika ripoti yoyote, na ambayo matokeo yake yanabadili somo la Jumatatu. Na kama walimu wataogopa kuyaonyesha matokeo hayo, basi mfumo umekufa kabla haujazaliwa. Jambo hilo lilindeni kuliko alama.

Tunaunda programu za kompyuta na tuna kitengo cha utafiti. Nimesikia kwamba usimamizi wa ubora huua ubunifu. Ni kweli?

Katika kitengo chako cha kuunda programu sioni hatari. Kwa kweli majaribio yanayojiendesha yenyewe humrudishia mwandishi wa programu kosa lake katika sekunde chache, jambo ambalo Shewhart angelionea wivu. Katika utafiti tahadhari yako ina msingi. Kampuni ya 3M ilipata mkurugenzi mkuu kutoka General Electric mwishoni mwa mwaka 2000, James McNerney, aliyeleta nidhamu ya Six Sigma, mbinu ya kupunguza kasoro kwa takwimu iliyozaliwa katika kampuni ya Motorola mwaka 1986, hadi maabara za utafiti. Gharama zilishuka, lakini watafiti walilalamika kwamba wanatakiwa kutabiri matokeo ya jambo wasilolijua bado, na mrithi wake alilegeza masharti hayo maabara. Mary Benner na Michael Tushman, waliochunguza tasnia za rangi na za picha, waliona kwamba kadiri shughuli za kusimamia michakato zilivyoongezeka, uvumbuzi uliegemea zaidi kwenye yale yaliyojulikana tayari.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mfumo mzima umejengwa juu ya kupunguza mtawanyiko, yaani kutofautiana kwa matokeo, na utafiti unaishi kwa mtawanyiko. Tenganisha kazi mbili hizi hata kama zinafanywa na watu walewale: kinachorudiwa kiwekee chati, kinachotafutwa kiwekee muda na fedha, kisha ukiache.

Nina karakana ya samani yenye mafundi sita. Siwezi kumlipa mshauri. Je, nisubiri nikue?

Usisubiri, kaka. Hendricks na Singhal, niliowataja mwanzoni, waliona kwamba kati ya kampuni walizozichunguza zilizo ndogo zilinufaika zaidi kuliko kubwa, nami sishangai: katika karakana yako kosa lina hatua kumi tu za kutembea hadi kumfikia aliyelifanya.

Chagua kasoro moja inayokuumiza, si tano. Tuseme ni droo zinazokwama na kurudishwa na wateja. Droo inayofuata ikirudi, usiirekebishe kimyakimya usiku ili mteja asikasirike. Mwite fundi aliyeitengeneza, aifungue yeye, aipime mwenyewe mbele ya wenzake, na umhakikishie kwanza kwamba mshahara wake haumo mezani. Huenda mkakuta mbao hazikukauka vya kutosha, na hapo swali litahama kutoka kwa fundi kwenda kwako wewe unayenunua mbao. Likubali swali hilo mbele yao, kwa maana siku hiyo ndipo watakapojua kama ulimaanisha.

Kisha bandika karatasi moja ukutani karibu na benchi ya kuungia, yenye tarehe, idadi ya droo zilizotengenezwa, zilizorudi, na nafasi ya fundi kuandika alichokikuta. Iache hapo wiki nane kabla ya kuchagua kasoro ya pili. Na kabla hujaibandika, waulize mafundi wako, mmoja mmoja, ni kifaa gani wanachokihitaji kila siku ambacho kimefungiwa kabatini mwako.